Chicago Bulls 1995–96: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msimu wa 72–10

Kaa kwenye kijiwe chochote chenye watu watatu wanaoujua mpira wa kikapu, uliza timu bora ya muda wote ni ipi, halafu subiri. Haipiti dakika utasikia "sabini na mbili kwa kumi". Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, hasa na vijana walioijua Bulls kupitia kofia na jezi nyekundu za mtumba zenye namba 23 mgongoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu wanaikumbuka timu ile kwa madanki ya Michael Jordan, lakini kilichoibeba usiku baada ya usiku ni ulinzi, na mipira iliyogombewa chini ya ringi.

72–10 maana yake nini hasa?

Kila timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida kabla ya hatua ya mtoano, ambako timu mbili hukutana mara kadhaa hadi moja ifikishe ushindi unaotakiwa. Kikapu hakina sare, kwa hiyo unashinda au unapoteza. Msimu wa 1995–96 Chicago Bulls walishinda mechi 72 wakapoteza 10. Rekodi ya kabla yao ilikuwa 69–13 ya Los Angeles Lakers wa 1971–72, na ilikuwa imekaa karibu robo karne bila kuguswa.

Anayetazama soka pekee anaweza asiuone ugumu wake. Msimu ulianza tarehe 3 Novemba 1995 na ukaisha tarehe 21 Aprili 1996. Hesabu mwenyewe: siku 171, mechi 82. Unacheza leo Chicago, unalala ndani ya ndege, kesho jioni uko mji mwingine mbele ya watu elfu ishirini wanaokuzomea, na mwenyeji wako ameisubiri mechi hiyo tangu ratiba itoke. Timu nzuri hupoteza mechi za aina hiyo kwa uchovu tu, na hakuna anayezilaumu. Bulls walishinda 33 kati ya 41 za ugenini. Nyumbani walipoteza mbili.

Jordan si alikuwa amestaafu?

Ndiyo. Alitangaza kustaafu Oktoba 1993, miezi michache baada ya baba yake, James Jordan, kuuawa. Akaenda kucheza besiboli ya madaraja ya chini. Alirudi Machi 1995 msimu ukiwa ukingoni, akavaa namba 45, kwa kuwa 23 ilikuwa imeshastaafishwa, yaani klabu iliiweka kando kwa heshima yake, asiivae mtu tena.

Alikuwa Jordan, ila miguu haikuwa ya kikapu bado. Kwenye mtoano walikutana na Orlando Magic ya Shaquille O'Neal na Penny Hardaway. Sekunde za mwisho za mechi ya kwanza Nick Anderson alimjia kwa nyuma akamnyang'anya mpira, Magic wakashinda. Baadaye Anderson akasema hadharani kwamba 45 si yule 23. Mechi iliyofuata Jordan akatoka na 23. Haikusaidia, walitolewa 4–2. Kilichouma zaidi, aliyewatesa chini ya ringi alikuwa Horace Grant, mwenzao wa zamani aliyehamia Orlando mwaka mmoja kabla.

Ukitaka kuuelewa msimu wa 72–10, anzia kwenye kipigo hicho.

Ni kweli alijifua huku anaigiza filamu?

Kweli. Majira ya joto ya 1995 alikuwa Los Angeles akirekodi filamu ya kuchanganya watu na katuni, na moja ya masharti yake ilikuwa ajengewe uwanja kwenye eneo la studio. Mchana anaigiza, jioni wachezaji wa NBA wanakuja kucheza naye. Wapo waliodhani wanaenda kujifurahisha. Yeye alikuwa anawasoma mmoja mmoja.

Aliporudi Chicago akaendelea na mazoezi ya alfajiri nyumbani kwake chini ya mkufunzi Tim Grover, pamoja na Scottie Pippen na Ron Harper. Wananyanyua vyuma, wanapata kifungua kinywa pamoja, ndipo wanakwenda kwenye mazoezi ya timu. Mwili wa besiboli ukageuka tena kuwa mwili wa kikapu.

Kwa nini walimleta Dennis Rodman, mtu waliyekuwa wakimchukia?

Kwa sababu Grant alikuwa ameacha shimo, na mtu aliyeweza kuliziba vizuri kuliko yeyote duniani alikuwa anapatikana kwa bei ya kutupa.

Chuki yenyewe haikuwa ya kuigiza. Rodman alikuwa mmoja wa Detroit Pistons waliowapiga Bulls ngumi na viwiko mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka 1991 alimsukuma Pippen akiwa hewani, Pippen akaenda kuangukia viti na kushonwa kidevu. Kisha San Antonio Spurs wakamchoka: anachelewa mazoezini, anavua viatu akiwa benchi, nywele leo kijani kesho nyekundu. Oktoba 1995 meneja mkuu Jerry Krause akamchukua kwa kumtoa Will Perdue, senta (mrefu wa kucheza karibu na ringi) wa akiba. Kabla ya hapo kocha Phil Jackson aliwauliza Jordan na Pippen kama wanaweza kuishi naye. Wakakubali. Nadhani ndio uamuzi mkubwa wa msimu mzima, na ulifanyika hata kabla mpira haujarushwa.

Alivaa namba 91 kwa kuwa 10 aliyoizoea ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Bob Love. Tisa na moja ni kumi, ndivyo alivyopiga hesabu yake.

Mchezaji anayefunga pointi tano na nusu kwa mechi anakuwaje muhimu hivyo?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Rodman alikuwa na urefu wa mita 2.01, mfupi kwa kazi ya kupambana na masenta. Msimu ule aliongoza ligi kwa wastani wa ribaundi 14.9 kwa mechi, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa. Alikuwa mwanafunzi wa mpira uliokosa. Wenzake wakipasha misuli kwa kurusha, yeye alisimama pembeni anatazama: mtupo wa huyu unazunguka mara ngapi hewani, ukikosa kutokea kona ya kushoto unaangukia wapi, wa yule unaruka mbali au unafia karibu. Mechi ikianza tayari anajua aende wapi wakati mpira bado uko angani. Akishindwa kuudaka, anaugusa kwa ncha za vidole, anaugusa tena, mara ya tatu umeshakuwa wake.

Kila ribaundi ya upande wa ushambuliaji ni nafasi ya pili ya kufunga. Timu yenye Jordan ukiipa nafasi ya pili umejimaliza mwenyewe.

Ile "pembetatu" ilikuwa nini?

Ni mfumo wa ushambuliaji uliofundishwa na Tex Winter, kocha msaidizi ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Jackson ndiye aliyekuwa kocha mkuu, lakini mfumo ulikuwa wa mzee.

Wachezaji watatu wanajipanga upande mmoja wa uwanja: mmoja konani, mmoja pembeni kwenye mstari wa pointi tatu, mmoja karibu na ringi akiupa mgongo. Hiyo ndiyo pembetatu yenyewe. Wawili waliobaki wanakaa upande wa pili, mbalimbali. Mpira ukiingia kwa yule wa ndani, kila mmoja anasoma beki wake anafanya nini, kisha anachagua. Beki akikukaribia sana, kimbia nyuma yake. Akikuacha, baki upewe mpira urushe. Kocha hapigi kelele kutoka benchi kusema nani afanye nini.

Faida yake kwa Bulls ni kwamba hawakuhitaji mtu mmoja wa kukaa na mpira muda wote. Ndiyo maana waliweza kumweka Ron Harper nafasi hiyo, mtu wa mita 1.98 ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anafunga pointi 20 kwa mechi akiwa na Los Angeles Clippers. Chicago alishuka hadi 7.4, akawa mlinzi. Sijasikia kijiwe hata kimoja kikimtaja, na ni dhuluma.

Kwa hiyo ulinzi wao ulikuwaje?

Jordan, Pippen na Rodman wote watatu waliingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi. Kikosi hicho kina watu watano. Watatu timu moja.

Simama mahali pa mchezeshaji wa timu pinzani. Unavuka mstari wa kati na mpira, mbele yako yupo Harper, mikono mirefu. Ukimpita anatokea Pippen, mita 2.03, mwenye mbio za mtu mfupi. Ukitaka kumpasia mwenzako, Jordan amesimama kwenye njia ya pasi anajifanya hakuoni. Warefu wote hao walikuwa wanalingana, hivyo wangeweza kubadilishana watu wa kukaba bila kufungua mwanya. Wapinzani walimaliza mashambulizi yao saa ya sekunde 24, muda ambao timu hupewa kurusha, ikikaribia kwisha, wakiwa mbali na ringi, wakirusha kwa kujaribu bahati.

Kwa wastani walifunga pointi 105.2 na kufungwa 92.9. Tofauti ya zaidi ya pointi 12 kila usiku, miezi sita.

Wengine kikosini walikuwa akina nani?

Luc Longley, Mwaustralia wa mita 2.18, alianza kama senta. Steve Kerr alitoka benchi akarusha za pointi tatu kwa usahihi wa asilimia 51.5. Bill Wennington wa Kanada, Randy Brown, Jud Buechler, Jason Caffey, Dickey Simpkins, na wazee wawili waliowahi kucheza na Rodman kule Detroit: James Edwards, aliyefikisha miaka 40 msimu ukiendelea, na John Salley.

Halafu Toni Kukoc, Mkroatia. Huyu ana kisa chake. Olimpiki ya Barcelona 1992, kabla hajafika Chicago, Jordan na Pippen walimkaba mechi nzima kwa hasira, kisa Krause alikuwa anamsifia kupita kiasi. Wakamwacha na pointi nne. Miaka minne baadaye alikubali kukaa benchi pamoja nao, akafunga wastani wa 13.1 na kuchaguliwa mchezaji bora wa akiba wa ligi.

Je, Jordan alimpiga Kerr ngumi kweli?

Alimpiga, mazoezini, kabla msimu haujaanza. Jordan alikuwa anamsonga kila mtu kuona nani atavunjika. Kerr akamjibu kwa maneno, wakasukumana, ngumi ikamfika jichoni. Jackson akamtoa Jordan nje, na baadaye siku hiyohiyo Jordan akampigia simu Kerr kuomba radhi. Kerr mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba tangu hapo Jordan alimwamini. Mimi siipendi sana hadithi hii inavyosimuliwa siku hizi kana kwamba ngumi ni mbinu ya uongozi. Mtu mmoja alikasirika, mwingine hakurudi nyuma, wakayamaliza.

Walipoteza kwa nani mechi hizo 10?

Orlando, Seattle, Indiana, Denver, Phoenix, Miami, New York, Toronto, Charlotte, na Indiana tena. Indiana Pacers ndiyo timu pekee iliyowafunga mara mbili msimu wa kawaida.

Kuna mambo humo ndani. Baada ya kufungwa na Indiana tarehe 26 Desemba walishinda mechi 18 mfululizo, Januari nzima bila doa: 14 kwa 14. Rekodi ikasoma 41–3. Denver wakaukata mfululizo huo tarehe 4 Februari kwa pointi 32 za Mahmoud Abdul-Rauf, siku mbili baadaye Phoenix nao wakapita. Hiyo ndiyo mara pekee Bulls walipoteza mechi mbili mfululizo katika msimu wa kawaida.

Kituko ni Miami. Heat walikuwa wamebadilishana wachezaji muda wa usajili ukiisha, waliokuja hawajaruhusiwa kucheza, wakaingia uwanjani na watu wanane tu. Rex Chapman akafunga 39, Heat wakashinda 113–104. Timu iliyokuwa inatisha dunia ikafungwa na kikosi kisichotosha hata kujaza benchi.

New York ndio waliowachapa kisawasawa, 104–72, Jeff Van Gundy akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa timu. Toronto Raptors, timu iliyozaliwa msimu huohuo na iliyomaliza 21–61, iliwafunga 109–108 kwa pointi 30 za Damon Stoudamire. Rodman hakuwepo, sababu iko kwenye swali linalofuata. Charlotte 98–97, Indiana 100–99. Kwa hiyo mechi tatu kati ya kumi zilipotea kwa pointi moja moja. Anayependa "ingekuwaje" afurahi hapo.

Rodman alimpiga mwamuzi kichwa?

Machi 1996, ugenini dhidi ya New Jersey Nets. Alipewa kosa, akatolewa nje, akamwendea mwamuzi Ted Bernhardt na kumgonga kwa paji la uso. Alifungiwa mechi 6 na kutozwa faini ya dola 20,000. Ukijumlisha na mechi 12 alizokosa mwanzoni mwa msimu kwa kuumia mguu, alicheza 64 tu kati ya 82. Jordan, akiwa na miaka 33, alicheza zote 82.

Kuna mechi ya kawaida unayoikumbuka kuliko ile ya ushindi wa 70?

Ushindi wa 70 ndio uliovunja rekodi, tarehe 16 Aprili huko Milwaukee, 86–80. Ilikuwa mbovu kutazama. Miguu mizito, mipira inagonga ringi na kutoka. Walishinda kwa kukaba, kama kawaida yao.

Mimi nachagua Vancouver, tarehe 30 Novemba 1995. Vancouver Grizzlies nao walikuwa wapya kwenye ligi, na walimaliza 15–67. Usiku ule wakawa wanaongoza robo ya nne, Jordan kapoa, kana kwamba amechoka. Mchezaji wao Darrick Martin akaanza kumwambia leo tunawafunga. Kosa. Jordan alifunga pointi 19 katika robo hiyo moja, Bulls wakashinda 94–88. Kama wewe ni Grizzly mwingine uliyekuwa umenyamaza, sijui ulimtazamaje Martin kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Mtoano ulikwendaje?

Miami Heat 3–0. New York Knicks 4–1, wakipoteza moja muda wa nyongeza Madison Square Garden. Kisha Orlando, wale wa mwaka jana, waliokuwa na 60–22. Mechi ya kwanza iliisha 121–83. Rodman akachukua ribaundi 21, na Horace Grant akaumia, hakucheza tena mfululizo huo. Bulls wakashinda 4–0. Mechi ya nne, Orlando, Jordan alifunga pointi 45. Namba ileile ya jezi aliyoivua mwaka mmoja kabla. Sidhani alipanga, ila mtu akiandika hivyo kwenye tamthilia utamwambia amezidisha.

Fainali dhidi ya Seattle zilikuwa rahisi?

Mechi tatu za kwanza zilifanana na mchezo wa kaka mkubwa na mdogo: 107–90, 92–88, na 108–86 huko Seattle kwenyewe. Ila usiidharau Seattle SuperSonics. Walikuwa wameshinda 64, walikuwa na Shawn Kemp, ambaye fainali zile alicheza kama mtu asiyeogopa chochote, na Gary Payton, mlinzi bora wa ligi mwaka huo.

Mechi ya nne mambo yakageuka. Kocha George Karl akampa Payton kazi ya kumkaba Jordan, na upande wa Bulls goti la Harper likagoma. Wakati huo ndipo watu walipogundua Harper alikuwa anafanya kazi gani. Seattle wakashinda 107–86, kisha 89–78. Timu ya 72–10, ikiwa mbele 3–0, ikajikuta inarudi nyumbani 3–2 huku watu wanaulizana kimyakimya.

Harper mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema 72–10 si kitu bila pete ya ubingwa, na maneno hayo yalikuwa yameshachapwa hadi kwenye fulana. Mechi ya sita alirudi uwanjani na goti bovu.

Tarehe 16 Juni 1996, United Center. Jordan alirusha mara 19 akapata 5. Soma tena: mchezaji bora duniani, usiku mkubwa kuliko yote, 5 kwa 19. Timu nyingine ingekufa. Lakini kila alipokosa, namba 91 alikuwa amefika. Rodman alichukua ribaundi 19, kati yake 11 za upande wa ushambuliaji. Mechi ya pili nayo alikuwa amechukua 11 za aina hiyo. Bulls wakashinda 87–75. Karl alikiri kwamba Rodman ndiye aliyewashindia mechi mbili. Zawadi ya mchezaji bora wa fainali alipewa Jordan. Mimi ningempa mwenye nywele za rangi, na nimeshabishana na watu wazima juu ya hilo hadi kahawa ikapoa.

Kwa nini Jordan alilala sakafuni analia?

Siku hiyo Marekani ilikuwa Siku ya Kina Baba. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza tangu baba yake auawe, na mzee huyo ndiye aliyekuwa kando yake kwenye ule wa kwanza wa 1991. Kipenga kilipolia aliukumbatia mpira akaanguka nao, watu wakamwangukia, kisha akakimbilia ndani. Kamera zikamkuta amelala kifudifudi, mpira bado kaushika, mabega yanatikisika.

Alilipwa kiasi gani msimu huo?

Dola milioni 3.85. Msimu uliofuata ilipanda hadi milioni 30.14. Alikusanya pia zawadi za mchezaji bora wa msimu, wa mechi ya nyota na wa fainali, pamoja na ufungaji bora kwa wastani wa 30.4. Jackson akawa kocha bora wa mwaka, Krause kiongozi bora wa klabu.

Wanasema ligi ilikuwa dhaifu. Ni kweli?

Hoja ina ukweli ndani yake. Toronto na Vancouver waliingia msimu huo, na timu mpya mbili maana yake ni wachezaji wa kawaida wengi zaidi na mechi kadhaa rahisi. Mstari wa pointi tatu nao ulikuwa umesogezwa karibu kati ya 1994 na 1997, jambo lililomfaa Kerr.

Lakini mstari ulisogezwa kwa wote 29, na wote 29 walicheza na Toronto au Vancouver. Hakuna mwingine aliyefika 70. Aliyewakaribia zaidi ni Seattle, nyuma kwa mechi 8. Na kama nilivyoonyesha, mmoja wa hao wanaoitwa dhaifu aliwafunga.

Na Golden State Warriors wa 73–9?

Msimu wa 2015–16 Warriors waliivunja rekodi kwa mechi moja. Kocha wao? Steve Kerr, yuleyule wa ngumi ya jichoni. Fainali walikuwa mbele 3–1 dhidi ya Cleveland Cavaliers ya LeBron James wakapoteza 4–3. Maneno ya Harper yakarudi kwenye kila mdomo.

Wangekutana nani angeshinda? Inategemea sheria za mwaka gani. Chini ya sheria za 1996, nampa Harper na Pippen kazi ya kumkaba Stephen Curry, nalala usingizi. Chini ya sheria za 2016, Longley angevutwa hadi mstari wa pointi tatu akakaba watu wadogo wenye kasi, na Jackson angelazimika kumwondoa mapema. Hapo sina uhakika, na anayekuambia ana uhakika anakuuzia kitu.

Baada ya hapo?

Walishinda 69–13 na ubingwa wa 1997, kisha 62–20 na ubingwa wa 1998. Timu ikavunjwa.

Nikitaka kutazama mechi moja tu, nitazame ipi?

Mechi ya sita ya fainali. Wakati ule kwetu ilikuwa usiku wa manane ukielekea alfajiri, leo unaweza kuitazama saa yoyote unayotaka. Mara ya kwanza itazame kawaida. Mara ya pili usiufuate mpira. Mtu akirusha, acha kutazama ringi, mtafute namba 91. Utamkuta ameshaanza kutembea, polepole, kuelekea mahali ambapo bado hapana mtu.